Kwasari na Mizani ya Nadharia za Ulimwengu

Katika mwaka 1948 wataalamu watatu wa Cambridge, Uingereza, Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle, walitoa kauli iliyowavuta watu wengi kwa uzuri wake: kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo wala hautakuwa na mwisho, kwamba ingawa galaksi zakimbiana, kama alivyobainisha Edwin Hubble mwaka 1929, maada mpya huzaliwa polepole katika nafasi zinazoachwa wazi, hata mtu awaye yote, akitazama kutoka mahali popote na katika zama zozote, lazima auone ulimwengu katika sura ile ile. Nadharia hiyo iliitwa ya Hali ya Kudumu. Mbele yake ilisimama nadharia nyingine, iliyokuwa na mizizi katika kazi ya padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, nayo ilisema kwamba ulimwengu una umri, kwamba ulianza katika joto na msongamano usiokadirika, na kwamba tangu hapo haukuacha kupanuka na kubadilika.

Yaelekea kwamba ugomvi wa namna hiyo hauna mwamuzi, kwa kuwa hakuna mwanadamu aliyeushuhudia mwanzo wa ulimwengu akarudi kutoa habari. Lakini mwamuzi alipatikana, wala hakuwa fikira nzito isiyofahamika ila kwa wachache. Alikuwa ni hesabu, ile hesabu ya kuhesabu vitu kimoja kimoja na kuandika kila kimoja kiko umbali gani. Nataka kueleza hapa jinsi hesabu hiyo ilivyofanywa kwa mianga ya mbali iitwayo kwasari, jinsi ilivyoiangusha nadharia moja na kuipa nguvu nyingine, na jinsi inavyoitia mashakani leo hata ile iliyoshinda; maana nasadiki kwamba katika ilimu ya falaki hakuna kauli kubwa kiasi cha kusamehewa kupimwa.

Msingi wa jambo lote ni mwendo wa nuru. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa kila sekunde, lakini masafa ya anga ni marefu mno, hata nuru ya jua hutufikia baada ya dakika 8, nuru ya nyota iliyo jirani yetu kabisa baada ya miaka zaidi ya 4, na nuru ya galaksi za mbali baada ya mamilioni na mabilioni ya miaka. Kwa hiyo mwenye kutazama mbali hutazama kale, na anayepanga vitu vya angani kwa umbali wao huwa amevipanga kwa zama zao pia. Basi ikiwa ulimwengu haubadiliki, ni lazima idadi ya vitu vya aina moja katika ujazo ulio sawa wa anga iwe moja, karibu na mbali, leo na jana na tangu azali. Na ikiwa idadi hiyo yatofautiana kadiri tunavyopenya mbali, kauli ya Hali ya Kudumu haina pa kusimama. Nampa Hoyle na wenzake sifa wanayostahili, kwamba nadharia yao haikujificha nyuma ya maneno ya kuteleza, bali ilitaja bayana jambo ambalo likionekana itakuwa imeshindwa. Na si kila nadharia yenye ushujaa huo.

Martin Ryle, naye wa Cambridge, alijaribu hesabu hiyo mapema kwa darubini za redio, akitangaza mwaka 1955 kwamba vyanzo hafifu vya mawimbi ya redio vilikuwa vingi kupita kiasi, na kwa hiyo nadharia ya jirani zake imevunjika. Alikuwa amefanya haraka. Wenzake wa Sydney, Australia, wakiongozwa na Bernard Mills, walihesabu sehemu ile ile ya anga wakapata orodha isiyolingana na ya Ryle, kwa kuwa chombo cha Cambridge kilikuwa kikivichanganya vyanzo vingi hafifu na kuvifanya kimoja. Ryle alirekebisha kazi yake, na orodha zake za baadaye zilikuwa imara, lakini kwa miaka kadhaa neno la wahesabuji lilisikilizwa kwa shaka, nayo shaka hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu vyanzo vingi vya Ryle havikujulikana ni vitu gani wala viko umbali gani, na hesabu ya vitu visivyo na umbali ni nusu ya hesabu.

Taa yenye nguvu ya kuonekana kutoka upande wa pili wa ulimwengu, na yenye alama ya umbali wake, ilipatikana kwa msaada wa mwezi. Katika orodha ya tatu ya Cambridge kulikuwa na chanzo chenye namba 3C 273, kilichomo katika buruji ya Sumbula, ambacho darubini za redio zilikisikia kwa nguvu lakini hazikuweza kuonyesha kwa usahihi kilipo, hata wenye darubini za nuru wakijue kati ya nyota nyingi zilizopo upande ule. Ikatukia kwamba mwaka 1962 mwezi ulikuwa ukipita mbele yake. Cyril Hazard na wenzake, huko Parkes katika Australia, walikusudia kupima saa hasa ambayo sauti ya redio ingekatika chanzo kikizama nyuma ya ukingo wa mwezi, na saa ambayo ingerejea kikitokeza upande wa pili, kwa kuwa mahali pa mwezi hujulikana daima kwa usahihi mkubwa. Masimulizi ya Parkes yanasema kwamba tarehe 5 Agosti chanzo kilikuwa chini mno karibu na upeo wa macho, hata ikabidi vizuizi vya usalama vya darubini ile nzito viondolewe na miti iliyokinga ikatwe, ili chombo kiweze kuinama kuliko kilivyoundiwa.

Mahali palipopatikana palikuwa na nyota moja ya rangi ya samawati, au kitu kilichodhaniwa kuwa nyota. Maarten Schmidt, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliielekezea darubini ya Palomar, yenye kioo cha upana wa mita 5, akaichambua nuru yake katika rangi zake na kuipiga picha kwenye bamba dogo la kioo. Mistari iliyoonekana haikufanana na ya kitu chochote kinachojulikana. Tarehe 5 Februari 1963, akiwa ofisini mwake Pasadena akiandika makala juu ya chanzo hicho, Schmidt alitazama tena bamba lile akaona kwamba baadhi ya mistari ilikuwa na utaratibu: ilipungua nguvu na kukaribiana kadiri ilivyoelekea upande wa urujuani. Utaratibu huo ni wa haidrojeni, elementi iliyo nyepesi na ya kawaida kuliko zote. Lakini kila mstari ulikuwa umesogea kuelekea upande wa wekundu kwa asilimia 16 hivi ya urefu wa wimbi lake. Msogeo huo ndio alama ya umbali, kwa kuwa nuru inaposafiri katika ulimwengu unaopanuka mawimbi yake hunyooshwa pamoja nao, na iliyosafiri zaidi hunyooshwa zaidi. Kilichodhaniwa kuwa nyota ya jirani kilikuwa kiko masafa ya zaidi ya miaka-nuru bilioni mbili. Mwenzake, Jesse Greenstein, alipoambiwa alitazama upya picha za chanzo kingine, 3C 48, akakuta kwamba nacho kimesogea, tena kwa asilimia 37.

Leo twajua kwamba kwasari ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi, lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua, hula gesi inayolizunguka, na gesi hiyo kabla ya kuzama hupata joto la kutisha ikang'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikijumlishwa. 3C 273 hutoa nuru ya zaidi ya majua bilioni elfu moja. Iko karibu na mstari wa katikati ya anga, na kwa sisi tunaokaa karibu na Ikweta hupita karibu na utosi, mwishoni mwa Aprili kiasi cha saa nne za usiku, na mwenye darubini nzuri ya nyumbani, akijua pa kutazama, ataiona: doa la nuru lisilo na tofauti yoyote na nyota hafifu zilizo kandoni mwake, ila kwamba nuru hiyo ilianza safari wakati duniani hapakuwa na mnyama wala mti.

Kwasari ziliongezeka upesi. Mwaka 1965 Schmidt aliipima 3C 9, ambayo msogeo wake ulikuwa zaidi ya asilimia 200, na kwa ghafula orodha ikawa na vitu vilivyotoka katika zama ambazo hakuna galaksi ya kawaida iliyokuwa imeonekana. Dennis Sciama wa Cambridge alikuwa miongoni mwa watetezi wenye mapenzi makubwa na nadharia ya Hali ya Kudumu. Mwaka 1966 yeye na mwanafunzi wake kijana, Martin Rees, waliipanga orodha fupi ya kwasari zilizojulikana kwa misogeo yao, nia ya Sciama ikiwa ni kuona kama ushahidi waweza kupatanishwa na nadharia aipendayo. Matokeo yakaonyesha kwamba kwasari za misogeo mikubwa zilikuwa nyingi kupita ambavyo ulimwengu usiobadilika ungeweza kuzihifadhi. Sciama aliiacha nadharia yake hadharani. Hoyle hakuiacha hata alipofariki mwaka 2001. Simlaumu Hoyle, aliyeifanyia falaki mema makubwa, lakini moyo wangu uko kwa Sciama, kwa sababu kuacha fikira uliyoipenda kwa ajili ya mchoro wa nukta chache ulioandikwa na mwanafunzi wako ni jambo linalotaka adabu ya akili isiyo ya kawaida.

Hata hivyo palibaki pingamizi, nalo lilikuwa la maana. Tunaviona vitu vikali na kuvikosa vihafifu, na kadiri umbali unavyozidi ndivyo tunavyokosa vingi zaidi. Basi orodha yoyote ya vitu vya mbali ni orodha yenye mapengo, na mhesabuji asiyeyajua mapengo yake huhesabu macho yake badala ya kuhesabu anga. Jawabu la pingamizi hili lilitolewa na Schmidt mwenyewe mwaka 1968, nami naliona kuwa miongoni mwa fikira bora kabisa zilizopata kutolewa katika ilimu hii, kwa sababu halikutaka kukisia hata kitu kimoja kisichoonekana. Alichukua kwasari za orodha moja moja, akaiuliza kila moja maswali mawili: uko umbali gani? Na lau ungesukumwa mbali zaidi, ungefika wapi kabla ya kufifia ukatoka katika orodha? Umbali wa kwanza hufanya tufe dogo ambalo sisi tuko katikati yake, na wa pili hufanya tufe kubwa. Akaugawanya ujazo wa tufe dogo kwa ujazo wa tufe kubwa. Kwa kwasari moja jawabu hilo halifundishi kitu, kwa kuwa laweza kuwa namba yoyote kati ya sufuri na moja. Lakini zikiwa nyingi, nazo zimetawanyika sawasawa, wastani wa majibu sharti uwe nusu, kwa sababu kila moja ina bahati sawa ya kuangukia nusu ya ndani ya tufe lake au nusu ya nje. Kwasari iliyo kali huwa na tufe kubwa, na iliyo hafifu huwa na tufe dogo, na kwa hiyo kila moja hupimwa kwa kipimo chake, na udhaifu wa darubini huwa umekwisha kuingizwa ndani ya hesabu.

Wastani alioupata Schmidt haukuwa nusu, bali ulikaribia thuluthi mbili. Kwasari zilikuwa zimejikusanya upande wa nje wa matufe yao, mbali nasi, pande zote za anga kwa pamoja. Maelezo yalikuwa mawili tu: ama sisi tumewekwa katikati kabisa ya ulimwengu mahali palipoepukwa na kwasari, jambo ambalo hakuna mwenye insafu angeliamini baada ya Copernicus, ama zamani kwasari zilikuwa nyingi kuliko sasa. Hesabu zilizofuata, za miaka na watu wengi, zimethibitisha la pili: kama miaka bilioni 10 iliyopita kwasari zenye nguvu zilikuwa nyingi mara mia na zaidi kuliko zilivyo katika zama zetu, na kabla ya hapo, tukirudi nyuma zaidi, zilikuwa zikipungua tena, kwa kuwa mashimo meusi yalikuwa bado yanakua. Ulimwengu ulikuwa na ujana wake. Kwasari peke yake hazikuthibitisha Mlipuko Mkuu, yaani ile nadharia yenye mizizi kwa Lemaître, maana kuonyesha kwamba kitu hubadilika si kuonyesha kilianzaje. Kazi hiyo ilifanywa zaidi na mnururisho wa mikrowevu unaolijaza anga lote, ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliukuta New Jersey katika miaka ya 1964 na 1965. Lakini nadharia ya Hali ya Kudumu ilipigwa na hesabu pia, si na mnururisho peke yake.

Wako waliokataa, wakisema kwamba msogeo wa kwasari si alama ya umbali. Halton Arp wa Marekani alikusanya kwa miaka mingi picha za kwasari zilizoonekana kando ya galaksi za karibu, akidai kwamba zimetupwa kutoka humo, na wengine walidai kwamba misogeo hupendelea namba fulani fulani. Madai hayo yalistahili kusikilizwa, na yalisikilizwa. Dawa yake ilikuwa ni orodha kubwa iliyotengenezwa bila kujali madai, na darubini ya Waingereza na Waaustralia iliyoko Siding Spring, kwa chombo chenye nyuzi za kioo 400, ilitoa orodha ya kwasari zaidi ya 23,000. Wataalamu walipoitazama mwaka 2002 kutafuta namba zile zilizopendelewa, hawakuziona.

Ushindi wa Schmidt ulileta hasara yake pia. Tangu mwanzo wanafalaki walitamani kuzihesabu kwasari ili kupima umbo la ulimwengu na kasi ya kupanuka kwake, kwa kuwa ujazo wa anga kwa kila umbali hutegemea mambo hayo mawili. Lakini kwasari zenyewe zikiwa huzaliwa kwa wingi katika zama moja na kufa katika zama nyingine, nani ataweza kutenganisha mabadiliko ya idadi yao na mabadiliko ya anga linalozibeba? Kwa miaka mingi swali hilo liliwafunga mikono. Likafunguliwa na fikira nyingine, kwamba badala ya kuuliza ni ngapi zilizo mbali, tuulize zimekaaje zenyewe kwa zenyewe.

Katika miaka 380,000 ya kwanza ulimwengu ulikuwa gesi ya moto yenye nuru ndani yake, na mawimbi ya mgandamizo, yaani sauti hasa, yalisafiri humo kutoka kila mahali palipokuwa na maada nyingi kidogo. Gesi ilipopoa nuru ikaachana nayo, na mawimbi yakasimama pale yalipofika. Umbali yaliousafiri, uliovutwa baadaye na upanukaji, leo ni kama miaka-nuru milioni 490, na galaksi zilizozaliwa baadaye zilipendelea kidogo sana kukaa katika masafa hayo baina yao. Ni kipimo kilichopigwa ulimwenguni kote, chenye urefu unaojulikana kwa ilimu ya gesi na nuru, na anayejua kinavyoonekana katika kila zama hujua ulimwengu ulipanuka kwa kasi gani katika zama hiyo. Ili kukipata mhesabuji hupima umbali wa kila jozi ya kwasari katika orodha yake, kisha hutengeneza orodha ya bandia ya nukta zilizotupwa ovyo, yenye mipaka na mapengo yale yale ya orodha ya kweli, akapima jozi zake nazo, akalinganisha. Jozi za kweli huzidi za bandia kwa sehemu ndogo kabisa katika masafa yale, na sehemu hiyo haionekani isipokuwa kwasari ziwe malaki.

Malaki hayo yalipatikana kwa kazi ya mikono. Huko Apache Point, milimani katika New Mexico, kuna darubini yenye kioo cha mita 2.5, ambayo kwa miaka mingi ilifanya kazi na mabamba ya alumini yaliyotobolewa matundu, kila tundu likilingana na mahali pa galaksi au kwasari moja katika kipande kimoja cha anga. Mchana watu walikaa na bamba mbele yao, wakichukua nyuzi za kioo mmoja baada ya mmoja na kuzichomeka katika matundu kwa vidole, nyuzi 1,000 kwa bamba moja. Usiku bamba likafungwa nyuma ya darubini, na kila uzi ukaipeleka nuru ya kitu chake peke yake kwenye kichambuzi. Asubuhi nyuzi zikachomolewa ili bamba jingine lipate zamu. Mwezi Julai 2020 kazi hiyo ilitoa matokeo yaliyojengwa, pamoja na galaksi, juu ya mpangilio wa kwasari zaidi ya 340,000 za zama ambazo hazikuwa zimepimwa kwa njia hii. Kipimo kilionekana, tena karibu sana na pale kilipotazamiwa na nadharia inayoshikwa na wengi sasa, ile yenye maada isiyoonekana na nishati ya giza inayozidisha kasi ya upanukaji.

Kazi ya vidole sasa imeshikwa na mashine. Juu ya Kitt Peak, mlima ulio katika nchi ya wenyeji wa Tohono O'odham huko Arizona, chombo kiitwacho DESI kina mikono 5,000 midogo ya umeme ambayo huupeleka kila uzi mahali pake kwa dakika chache, nacho tangu Mei 2021 kimekuwa kikihesabu kila usiku wenye anga safi. Hesabu zake zilizotangazwa Machi 2025, za galaksi na kwasari zaidi ya milioni 14, zikiunganishwa na ushahidi wa nyota zilizolipuka na wa mnururisho wa mikrowevu, zaelekea kusema kwamba nishati ya giza si thabiti kama ilivyodhaniwa bali imekuwa ikipungua nguvu. Ushahidi haujafikia kiwango wanachokitaka wanafalaki kabla ya kukata shauri, nao wenyewe wamesema hivyo bila kuficha, lakini lau utathibitika, nadharia iliyoshinda ile ya Hoyle itabidi iandikwe upya katika kifungu chake kikubwa.

Lakini mtihani unaonivutia kuliko huo ni mwingine, ambao hauhitaji hata umbali, nao waanza na Mwafrika. George Ellis, mzaliwa wa Johannesburg na mwalimu wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alikuwa mwanafunzi wa Sciama yule yule. Mwaka 1984 yeye na John Baldwin wa Cambridge walitoa hoja fupi. Dunia yetu, pamoja na jua na galaksi yetu, husafiri, na mnururisho wa mikrowevu hutuonyesha mwendo huo, kwa kuwa una joto zaidi kidogo upande wa buruji ya Asadi na ubaridi zaidi kidogo upande wa kinyume: ni mwendo wa kilomita 370 kwa sekunde. Basi kama vile mtu akimbiaye katika manyunyu hulowa kifuani zaidi kuliko mgongoni, ingawa manyunyu yameanguka sawa kila mahali, ndivyo msafiri wa angani atakavyohesabu vyanzo vingi zaidi mbele yake kuliko nyuma, kwa sababu mwendo wake huikusanya nuru ya mbele na kuitia nguvu, hata vyanzo vilivyokuwa hafifu mno vikaingia katika orodha. Kwa mwendo unaojulikana, ziada inayotazamiwa yaweza kukadiriwa. Na ikiwa ulimwengu wa mbali umetandazwa sawasawa pande zote, kama nadharia zetu zote za leo zinavyosadiki tangu ukurasa wa kwanza, hesabu ya vyanzo na joto la mnururisho lazima vitoe jibu moja.

Ilipita miaka mingi kabla ya kupatikana orodha ya kutosha. Mwaka 2021 Nathan Secrest wa Marekani, pamoja na wenzake ambao miongoni mwao ni Subir Sarkar wa Oxford, walichukua picha za setilaiti ya WISE, iliyorushwa Desemba 2009, wakachagua humo kwasari zaidi ya milioni 1.3 kwa rangi zao, wakaacha ukanda wa nyuzi 30 kila upande wa Njia Nyeupe ili vumbi na nyota za galaksi yetu zisiwapotoshe, wakahesabu. Ziada iliyotazamiwa upande wa mbele ilikuwa kama 7 kwa kila kwasari 1,000 za wastani. Waliyoipata ilikuwa kama 15. Upande ulikuwa karibu na ule ule wa mnururisho, lakini kiasi kilizidi maradufu, na uwezekano wa kutokea hivyo kwa nasibu tu walikadiria kuwa ni mmoja katika milioni mbili.

Jambo hili ni zito, na sharti litazamwe kwa utulivu. Mwaka 2013, kwa mfano, ilitangazwa kwamba kwasari 73 zimeonekana zimeungana katika kundi lenye urefu wa miaka-nuru bilioni 4, kubwa kuliko nadharia inavyoruhusu. Lakini wengine walipotupa nukta kwa nasibu tupu na kuziunganisha kwa kanuni ile ile, makundi makubwa kama hayo yakatokea yenyewe. Kwa tahadhari hiyo hiyo wapo wanaoushuku uchaguzi wa kwasari za WISE, na wengine waliohesabu kwa orodha mpya iliyotokana na setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia wameona kwamba jawabu hutegemea sana sehemu za anga zinazofunikwa kwa ajili ya vumbi. Hata hivyo sioni kwamba kadhia imefungwa, kwa kuwa ziada kubwa kupita kiasi imeonekana pia katika orodha za vyanzo vya redio, ambazo zina makosa yake lakini si makosa yale yale ya WISE, nayo makosa yasiyo na uhusiano hayana sababu ya kuelekea upande mmoja. Ikiwa ziada ni ya kweli, basi ama mwendo wetu haukufahamika, ama kwasari hazikutandazwa sawasawa hata katika masafa yaliyo makubwa kuliko yote. Na hilo la pili lingegusa dhana ambayo juu yake Lemaître, Hoyle na waliowafuata wote walijenga.

Mawimbi ya redio hupita katika vumbi la Njia Nyeupe kana kwamba halipo, na kwa hiyo wengi wa wahesabuji wa mtihani wa Ellis na Baldwin wanaisubiri SKA, darubini kubwa ya redio ambayo ujenzi wake ulianza Desemba 2022, sahani zake zikisimamishwa katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, na antena zake nyingine Australia Magharibi. Nchi nane nyingine za Afrika zimeshirikishwa katika mpango wake, zikiwamo Kenya, Msumbiji, Zambia na Madagaska, kwa nia ya kuwa na vituo vya redio vya kwao katika siku zijazo. Orodha inayotazamiwa kutoka huko ni ya mamia ya mamilioni ya vyanzo, na kwa wingi huo tofauti baina ya 7 na 15 kwa kila 1,000 haitakuwa tena jambo la kubishaniwa kwa sababu ya uchache wa hesabu, bali itabaki kazi ya kuhakikisha kwamba kila pembe ya anga imehesabiwa kwa kipimo kimoja.